Nebraska ya Springsteen kwenye sahani ya santuri: kaseti ya chumbani iliyoishinda studio (uzi mrefu, mwenye haraka apite)

#1 Sindano Butu (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni.

Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu, kila nikianza kuandika naona nitaambiwa najifanya mzungu. Ila Jumamosi iliyopita umeme ulikatika nikiwa katikati ya sahani, upande wa kwanza wimbo wa tano. Amplifaya ikazima palepale, spika kimya, lakini sahani yenyewe ilikuwa bado inazunguka kwa nguvu yake, na kama umewahi kukaa karibu na santuri utajua kwamba sindano peke yake ina kasauti, kama mbu anaimba. Basi nikamsikia jamaa anaendelea kusimulia kwa kale kasauti ka mbu, anapungua, anazama, mpaka akanyamaza. Nimekaa gizani na kikombe cha chai nasubiri amalizie. Hadithi naijua mwanzo mwisho, nimeisikia mara mia, na bado nasubiri. Nikasema hii lazima niiandike.

Tunamuongelea Bruce Springsteen. Wengi hapa mnamjua kwa Born in the U.S.A. ya 1984, jinzi, kitambaa kichwani, ngoma kama mtu anabomoa ukuta. Huyo weka pembeni. Miaka miwili kabla ya hapo, Septemba 30, 1982, alitoa albamu inaitwa Nebraska na humo ndani hakuna bendi. Yeye, gitaa kavu, kinanda cha mdomo, basi. Kuna mandolini kidogo, kuna gitaa la umeme kwenye wimbo wa Open All Night, lakini vyote kapiga mwenyewe.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi ni jinsi ilivyorekodiwa. Jamaa alikuwa ametoka kwenye ziara ya The River, albamu ya sahani mbili ya 1980, pesa ipo, jina lipo, studio yoyote New York ingemfungulia mlango. Kilichokuwa kinamchosha ni gharama na muda wa kukaa studio anatafuta nyimbo. Akamwambia fundi wake wa magitaa, Mike Batlan, amtafutie mashine ya kurekodia nyumbani ili bendi wakikutana wakute nyimbo zimeiva. Akaletewa Tascam Portastudio 144, mashine ya kurekodi njia nne za sauti kwa mpigo inayotumia kaseti ya kawaida, hii hii tuliyokuwa tunachokoa kwa kalamu ya Bic. Maikrofoni mbili, Shure SM57. Sehemu ni chumba cha kulala kwenye nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey. Mwanzoni mwa Januari 1982 akakaa akaimba, sehemu kubwa ya nyimbo inasemekana siku moja tu.

Halafu sikieni hii. Ili kuzichanganya hizo nyimbo akazipitisha kwenye mashine ya mwangwi ya Echoplex zikaingia kwenye redio kaseti ya Panasonic ambayo ilishawahi kuingia maji. Yaani ile redio ilikuwa imekufa ikafufuka. Ndiyo iliyotoa kaseti mama ya albamu inayoheshimika duniani. Na hiyo kaseti akatembea nayo mfukoni mwa jinzi wiki kadhaa, haina hata kasha.

Lengo lilikuwa demo, rekodi ya majaribio tu. Akamtumia meneja wake Jon Landau pamoja na maelezo ya kila wimbo kayaandika kwa mkono. Wakaingia studio ya Power Station na bendi yake nzima ya E Street, wakajaribu. Haikukaa. Baadhi ya nyimbo za kwenye kaseti ndiyo zilinoga na bendi, Born in the U.S.A. yenyewe ilianzia humo kwenye kaseti, ila zile nyingine kila walipoongeza ngoma na kinanda zinakuwa kubwa lakini zimekufa. Mwisho akaitoa kaseti mfukoni akasema ndiyo hii. Itoke hivi hivi.

Na ikatoka. Hakufanya ziara. Video pekee ya wakati ule, Atlantic City, ni picha nyeusi na nyeupe za mji, yeye mwenyewe hata sura haionekani. Pamoja na hayo ikafika namba 3 kwenye chati za albamu Marekani.

Nitaendelea na habari za sahani yenyewe, ngoja nile kwanza.

#2 Mla Bata Mstaafu

Mkuu ngoja nikuulize kwa heshima. Kitu kimerekodiwa kwenye kaseti, kikachanganywa kwenye redio iliyozama, halafu wewe unatoa pesa unanunua SAHANI unaweka sindano ya gharama ili usikie sssssss ileile ambayo kwenye simu tunaisikia bure? Au kuna kitu sijaelewa hapa

#3 Kokoto

[Kumjibu Mla Bata] Hahaha umemkamata pabaya

#4 Sindano Butu (mtoa mada)

Mla Bata swali lako zuri kuliko unavyodhani, ndiyo maana nimeacha ugali.

Hiyo kaseti kuifanya iwe sahani iliwatoa watu jasho kuliko kuirekodi. Sahani inakatwa kwa kisu, sauti inakuwa mfereji. Sauti iliyotoka kwenye redio ya Panasonic ilikuwa na matatizo yake, upande huu na huu haviendi sawa, ukiikata kwa nguvu za kawaida sindano inachanganyikiwa. Watu wake wa studio, mtayarishaji Chuck Plotkin na fundi sauti Toby Scott, wakazunguka na hiyo kaseti kwa wakataji wa kila aina, inagoma. Ikafika hatua wanafikiria waitoe kama kaseti tu, sahani isiwepo kabisa. Mwisho Dennis King wa studio za Atlantic pale New York ndiye akaipatia, na siri yake ilikuwa kuikata kwa sauti ya chini.

Maana yake nini kwako unayeisikiliza. Mfereji ukiwa na sauti ndogo, kila vumbi na kila mkwaruzo vinasikika zaidi kuliko kwenye sahani nyingine. Hii siyo sahani ya kununua chafu ukasema nitaisafisha mbele ya safari. Disko la 1978 likiwa na mikwaruzo linacheza tu, ngoma zinafunika. Hapa jamaa ananong'ona, mkwaruzo unaingia kati yako na yeye kama mtu anatafuna karanga msibani.

Mimi ya kwanza nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, kaandika "safi kabisa". Imefika imepinda kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango, sindano inapanda inashuka kama mtumbwi. Nikaweka chini ya vitabu vizito wiki mbili, wapi. Ya pili nikapata kwa mtu niliyemfuata mwenyewe nikaishika mkononi, nikaiangalia kwenye mwanga wa dirisha kabla sijatoa hela.

Kuhusu sssss, ni kweli ipo. Ila kwenye simu ile kelele inakuwa takataka. Kwenye spika, usiku, inakuwa chumba. Unasikia ukubwa wa chumba alichokaa. Kabla hajafungua mdomo unajua kuna mtu humo ndani. Hilo siwezi kukuuzia kwa maneno, siku ukipita njoo.

#5 Fundi Redio

Naongeza kidogo kwa faida ya vijana. Kaseti ya kawaida inarekodi upande A njia mbili, ukigeuza upande B njia mbili. Hiyo Portastudio inazichukua zote nne kwa kwenda upande mmoja, hakuna kugeuza, na utepe unakimbia mara mbili ya spidi ya kawaida. Ndiyo maana ubora ulipanda ukatosha kutoa albamu. Mashine ilitoka 1979, kwa wakati ule ilikuwa muujiza, kabla yake kurekodi njia nne nyumbani ulihitaji mashine ya mikanda mikubwa ya kuzungusha. Nimewahi kutengeneza moja, mota yake ina mkanda wa raba unaolegea, ukilegea kila mtu anaimba kama amekunywa.

Pia mtoa mada hujasema upande wa kwanza una nyimbo 6 na wa pili 4. Wa kwanza unagonga dakika 25, wa pili kama 15 na kidogo. Dakika 25 ni nyingi kwa upande mmoja, mifereji inabanana, sauti inazidi kushuka. Na wimbo wa mwisho karibu na lebo ndiyo unaumia zaidi kwa sababu mzunguko unakuwa mdogo. Hapo wimbo gani?

#6 Sindano Butu (mtoa mada)

Fundi hapo ni State Trooper. Na ndiyo wimbo pekee duniani ambao kuumia kunausaidia lol. Gitaa linakwenda nyuzi zilezile kama tairi juu ya lami, jamaa anaendesha usiku hana leseni, hana kadi ya gari, anaomba tu asisimamishwe, halafu mwishoni anapiga ukelele, wallah mara ya kwanza niliruka. Ukelele huo kaupata kwa wale wanamuziki wa New York wanaitwa Suicide, kasema mwenyewe alikuwa anawasikiliza sana.

#7 Mwana wa Nyandarua

Niaje wadau. Mimi niko upande wa Kenya na huku kwetu muziki wa country ni kama dini, guka (babu) alikuwa na Jim Reeves zote, Jumapili baada ya kanisa ni hiyo tu mpaka chakula kiive. Hii Nebraska nimeijua kwa mlango wa nyuma. Johnny Cash alitoa albamu 1983 inaitwa Johnny 99, hiyo ngoma yenyewe ni ya Springsteen kutoka Nebraska, na ndani iko pia Highway Patrolman. Mimi nilidhani ni za Cash mpaka nikiwa mtu mzima! Siku nimesikia ya mwenyewe nikashangaa, Cash anaimba kama mzee anayekuhadithia, huyu anaimba kama ndiye aliyefanya. Ile ya Cash nzuri lakini hii ilinitoa usingizi.

Na Johnny 99 ni story ya ukweli kiasi, kiwanda cha Ford huko Mahwah, New Jersey kilifungwa 1980. Jamaa kwa wimbo anapoteza kazi hapo, analewa, anampiga risasi karani wa usiku, jaji anampa miaka 98 na mmoja juu. Yeye anaona afadhali wamuue.

#8 Kokoto

Wakuu nimeiweka sasa hivi kwenye simu nikaunganisha na spika ya sebuleni. Wimbo wa kwanza haujaisha mama watoto katoka jikoni kauliza "huyu anaumwa au redio haijashika stesheni?" Sina jibu

#9 Sindano Butu (mtoa mada)

Kokoto mwambie avumilie mpaka Highway Patrolman, wimbo wa tano, huo ndio ulionikatikia umeme. Nitawasimulia kwa sababu kiingereza chake si kigumu ila anakimeza.

Jamaa anaitwa Joe, ni sajenti wa polisi wa barabarani. Ana mdogo wake Franky, mkorofi tangu utoto. Joe mara nyingi akimkamata mtu amefanya fujo anamshughulikia, ila akiwa Franky anaangalia pembeni. Franky anakwenda jeshini 1965, Joe anabaki shambani anaoa, anamuoa Maria, ambaye zamani wote wawili walikuwa wanapokezana kucheza naye dansi. Bei ya ngano inashuka, kilimo kinakuwa kama kuibiwa, Joe anaingia polisi. Franky anarudi 1968. Usiku mmoja simu ya upepo inaita, kuna kijana yuko chini baa anavuja damu, na binti mezani analia, wanasema ni Franky. Joe anawasha gari. Anamuona mbele, anamkimbiza mpaka kibao kinasema mpaka wa Canada maili 5. Anaegesha pembeni. Anaangalia taa nyekundu za nyuma za gari la mdogo wake zinapotea.

Basi. Hakuna anachoongeza. Hapigi kinanda kwa uchungu, hapandishi sauti. Na huyo ni polisi, wakuu, na yule kijana wa watu kule baa hatujaambiwa kama alipona.

Kitu kingine nilichokigundua juzi, nyimbo nyingi humu jamaa anaongea na mkubwa fulani. Kuna "sir", kuna "mister", kuna "judge". Kama mtu wa kijijini aliyesimama mbele ya hakimu kofia iko mkononi, shikamoo kwanza halafu ndiyo anaeleza alichofanya. Kwetu hiyo sauti tunaijua. Umeisikia mahakama ya mwanzo, umeisikia pale trafiki anaposema washa taa tuone.

#10 Dada Mkubwa

Nimesoma kimya kimya ila naomba niseme. Wimbo wa kwanza, huo wenye jina la albamu, ni habari ya Charles Starkweather, kijana wa miaka 19 aliyeua watu 10 Januari 1958 na mmoja kabla ya hapo. Alikuwa na binti wa miaka 14, Caril Fugate. Starkweather alinyongwa? Hapana nijirekebishe, alikufa kwa kiti cha umeme 1959. Binti akafungwa maisha, akatoka kwa msamaha wa masharti 1976, na siku zote amesema alikuwa mateka.

Sasa mwimbaji anaimba kwa sauti ya muuaji, anasema walifurahi pamoja, na anaomba wakati wa kuuawa kwake kwenye kiti cha umeme binti akae mapajani. Wote mnasema wow kijana anajua kuvaa viatu vya mhusika. Binti je? Nani kamuimbia? Mtoto wa miaka 14 kabebeshwa wimbo miaka yote hii.

#11 Mla Bata Mstaafu

Dada hapo ni sanaa tu, hajasema ni ukweli

#12 Dada Mkubwa

[Kumjibu Mla Bata] Mdogo wangu, jina la jimbo ni la kweli, idadi ya marehemu ni ya kweli, binti ni wa kweli. Sanaa imeanzia wapi, kwenye mapaja?

#13 Sindano Butu (mtoa mada)

Dada Mkubwa shikamoo. Hili sina cha kukupinga. Nimekaa nikaurudia tena na sikio lako. Utetezi pekee nilio nao ni kwamba anayeongea ni muuaji, na muuaji lazima aseme "sote wawili tulifurahi", wauaji na wabakaji wote husema hivyo. Ukiusikia kama ushahidi wa mshitakiwa, unamuona anavyomvuta binti aingie naye. Lakini kusema kweli mwimbaji hakutuachia hata ufa mmoja wa kumtilia shaka, na chanzo chake kikubwa kilikuwa sinema ya Badlands ya 1973 ambayo nayo inasimulia kama mapenzi. Kwa hiyo deni lipo. Naendelea kuupenda wimbo, na nitaendelea kukukumbuka ukifika pale kwenye mapaja.

#14 Mwana wa Nyandarua

Respekti kwa dada. Wacha niulize ingine, hiyo Nebraska ya umeme, ile waliyopiga na bendi, iliyotoka 2025 mmesikia? Miaka zaidi ya 40 mashabiki wanabishana kama ipo ama ni stori za vijiweni

#15 Fundi Redio

Ipo, ilitoka Oktoba 2025 ndani ya boksi pamoja na sinema yao ya Deliver Me from Nowhere, yule Jeremy Allen White ndiye kamuigiza Springsteen. Nimeisikiliza kwa makini kama fundi. Bendi inapiga vizuri. Hakuna kilichoharibika. Atlantic City na ngoma inakuwa wimbo wa rock mzuri sana wa kuendeshea gari. Na hapo ndipo nikaelewa kwa nini aliiweka kabatini.

#16 Sindano Butu (mtoa mada)

Fundi umeniwahi, hiyo ndiyo hoja yangu yote tangu mwanzo. Watu wanapenda kusema "aah alikosa studio ndiyo ikatoka nzuri, umaskini una baraka". Uongo. Alikuwa na studio, alikuwa na bendi bora Marekani nzima, wakaingia, wakapiga vizuri, na bado akachagua kaseti. Kazi kubwa ilikuwa kujua kuacha. Mtu wa Atlantic City ana madeni ambayo mtu mwaminifu hawezi kulipa, amekubali kumfanyia mtu "kazi ndogo" usiku, anamwambia mpenzi wake ajipambe wakutane mjini. Ukimpa huyo mtu ngoma na bendi nzima nyuma yake hayuko peke yake tena, anaonekana ana wenzake, atapona. Kwenye kaseti hana mtu. Unajua kabisa hatarudi.

Wasanii wengi wakizeeka wanatoa albamu ya gitaa kavu, wanakaa kwenye kigoda, mwanga wa mshumaa, mpangaji muziki analipwa mamilioni ili isikike haijapangwa. Huyu mwenyewe baadaye alirudi huko, The Ghost of Tom Joad ya 1995, Devils & Dust 2005, nzuri, ninazo zote mbili, ila pale alishajua anarekodi albamu. Colts Neck alikuwa anaandika barua.

#17 Kokoto

Ripoti: mama watoto kakaa kwenye kochi. Tumefika Used Cars, yule mtoto anamuangalia baba yake ananunua gari la mtumba na muuzaji anaangalia mikono ya mzee. Kasema "baba yangu na ile Peugeot" halafu hajaongea tena. Naogopa kuuliza

#18 Dada Mkubwa

Usimuulize. Mletee chai.

#19 Mla Bata Mstaafu

Haya mtoa mada nimeshindwa, nakubali. Mimi santuri ya marehemu mzee ipo darini, sindano sijui kama nzima. Naanzia wapi na hii sahani inapatikana bei gani, na kama unayo ya ziada unaniuziaje

#20 Sindano Butu (mtoa mada)

Kwanza sindano badilisha, usiguse sahani yoyote na sindano iliyokaa darini miaka, utalima mifereji. Mkanda wa raba ndani ya santuri nao utakuwa umekuwa lami, mtafute Fundi Redio hapo juu. Sahani bei inategemea unaipata wapi na nani anajua unaitaka, kwa hiyo ukifika dukani jifanye unatafuta Kenny Rogers.

Ile iliyopinda nakupa bure ukija na nauli yako, upande wa pili ule wa nyimbo nne unacheza ukiibandika sarafu kwenye kichwa cha sindano. Ile nzima usiniulize tena.